Jumba la Shakespeare na Mwana wa Fundi Cherehani

Wajukuu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari za mtu aliyekipenda kitu cha watu wengine kuliko wenyewe walivyokipenda. Alikihangaikia kwa zaidi ya miaka 20. Wenyewe walimcheka, wakamfungia mlango, wakaburutana naye mahakamani, na bado hakuondoka.

Jina lake Sam Wanamaker. Alizaliwa mwaka 1919 katika jiji la Chicago, Marekani. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Myahudi aliyehamia huko kutoka Ukraine. Asili ya Kiingereza hawakuwa nayo. Basi mapenzi ya mambo ya Uingereza kijana huyu aliyapata wapi?

Aliyapata kwenye maonyesho. Mwaka 1934 Chicago ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na uwanjani palijengwa kijiji cha mfano wa Uingereza ya kale. Ndani yake mlikuwa na jumba la michezo ya kuigiza lililofuata umbo la Globe, lile jumba ambamo William Shakespeare alifanya kazi London zaidi ya miaka 300 kabla. Waigizaji walicheza humo tamthilia zake zilizofupishwa, ili mpita njia aione hadithi yote kabla hajaendelea na matembezi yake. Sam, kijana wa miaka 15, alitazama akanasa. Miaka miwili baadaye, kwenye maonyesho mengine katika mji wa Cleveland, alikuwa juu ya jukwaa la mfano mwingine wa Globe, sasa yeye mwenyewe ni mwigizaji.

Lazima kwanza niwaeleze Globe lenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima aliumia moyo mbele ya ukuta wa kiwanda cha bia.

Shakespeare mnamjua. Mwalimu Julius Nyerere alizitafsiri tamthilia zake mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, naye alikuwa kiongozi wa nchi iliyotoka juzi tu mikononi mwa Waingereza haohao. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba ukiipenda kazi ya Mwingereza umempigia magoti. Mwalimu hakuona hivyo. Wamarekani nao walipigana vita kujitoa chini ya mfalme wa Uingereza, lakini Shakespeare hawakumwacha ng'ambo ya bahari.

Msimdhanie Shakespeare kuwa mzee aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Alikuwa mwigizaji, tena mmoja wa wenye hisa katika kikundi chake. Kikundi hicho kilikuwa na jumba la mbao Shoreditch, kaskazini mwa jiji, lakini ardhi haikuwa yao. Mkataba wa ardhi ukaisha. Mwenye ardhi, Giles Allen, akaanza kuwazungusha, na baadaye ikajulikana kwamba anataka kulibomoa jumba ili mbao azitumie kwa faida yake. Unafanya nini na mwenye kiwanja wa namna hiyo?

Walisubiri siku za Krismasi za mwaka 1598, Allen akiwa kwake shamba, nje ya jiji. Wakaenda na seremala aliyeitwa Peter Street pamoja na vibarua wake, wakalivunja jumba lao boriti baada ya boriti, wakaondoka nalo. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ardhi ni ya Allen, lakini jengo ni letu. Allen alirudi akakuta kiwanja kitupu. Akashtaki, akashindwa. Boriti zile zikavushwa mto Thames hadi Southwark, upande wa kusini, na mwaka 1599 zikasimama tena kama jumba jipya. Ndilo Globe.

Kule kusini wakubwa wa jiji la London hawakuwa na nguvu sana, ndiyo maana starehe zote zilikimbilia huko, hata viwanja vya kupiganisha dubu na mbwa. Kwa peni moja uliingia Globe ukasimama uani, kichwani kwako mbingu tupu. Ukiwa na peni zaidi ulipanda ghorofani ukaketi chini ya paa. Mwanagenzi wa kushona viatu na mtoto wa tajiri walicheka kichekesho kimoja wakati mmoja. Hapo ndipo watu walipoziona Hamlet na Othello na Macbeth.

Tarehe 29 Juni 1613 waigizaji walikuwa wakicheza tamthilia ya Mfalme Henry wa Nane. Mfalme anaingia, mzinga unapigwa kumlaki, na cheche zinatua kwenye paa la nyasi. Walioona moshi hawakuujali, macho yao yalikuwa jukwaani. Chini ya saa moja jumba lote lilikuwa majivu. Hakufa mtu hata mmoja. Mwanamume mmoja suruali yake ilishika moto, wakaizima kwa bia. Mwaka uliofuata walijenga jingine palepale, safari hii kwa paa la vigae. Hilo nalo halikudumu: mwaka 1642 Bunge liliamuru majumba yote ya michezo yafungwe, na muda si mrefu Globe likabomolewa, nyumba za kupangisha zikajengwa juu yake. London ikaendelea na mambo yake.

Sasa turudi kwa Sam. Mwaka 1949 alifika London, ametoka kutumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili na tayari ni mwigizaji mwenye jina. Akaenda Southwark kulitafuta Globe. Kwao Marekani alikuwa ameona mifano ya jumba hilo, basi alitegemea kwamba kwa wenyewe atakuta kitu kikubwa zaidi. Alikuta ukuta wa kiwanda cha bia, na juu ya ukuta kibao cha shaba kilichosawijika. Kumbukumbu yote ya mahali pale ilikuwa hiyo. Mtu yule ambaye kila mtoto wa Kiingereza alimsoma darasani, mahali pake pa kazi paliachiwa kibao.

Angeweza kupiga picha akarudi zake. Lakini miaka ile Marekani ilishikwa na hofu ya Ukomunisti. Kamati ya bunge iliwaita waigizaji na waandishi kuwahoji wanamfuata nani na marafiki zao ni akina nani, na yeyote aliyetajwa vibaya alikosa kazi Hollywood. Sam katika ujana wake alikuwa amejiunga kwa muda na chama cha kikomunisti. Akiwa Uingereza kwa kazi ya filamu alipata habari kwamba akirudi kwao riziki yake imekatika. Akabaki, pamoja na mkewe Charlotte na familia yao. Binti yao Zoë alikulia huko, akawa mmoja wa waigizaji wanaoheshimiwa sana Uingereza.

Wala Uingereza haikumfungulia moyo wote. Nyaraka za siri zilizofunguliwa miaka mingi baada ya kifo chake zinaonyesha kwamba idara ya usalama ya nchi hiyo nayo ilikuwa ikimfuatilia nyendo zake. Nchi moja haimtaki, nyingine inamchungulia dirishani. Mtu mwingine angeona uchungu akaichukia hiyo ya pili kama alivyokuwa na sababu ya kuikasirikia ya kwanza. Yeye alifanya kazi. Aliongoza jumba la michezo Liverpool, na mwaka 1959 akasimama kwenye jukwaa la Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa Shakespeare, akiwa Iago, yule mchonganishi mkubwa, mbele ya Othello aliyechezwa na Paul Robeson.

Huyo Robeson ningependa mumkumbuke. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwimbaji wa sauti nzito, mtoto wa mtu aliyezaliwa utumwani. Serikali ya kwao ilikuwa imemnyang'anya pasipoti kwa miaka minane kwa ajili ya siasa zake. Na alipoishi London miaka ya 1930 alisoma Kiswahili chuoni. Jioni zile, basi, maneno ya Shakespeare katika mji wake mwenyewe yalitamkwa na Wamarekani wawili walioandamwa na serikali yao. Mimi nikiwaza habari hiyo naona kwamba Sam alikwisha kupata jibu la swali ambalo angeulizwa maisha yake yote: wewe Mmarekani, Shakespeare anakuhusu nini?

Mwaka 1970 alianzisha mfuko wa kulijenga upya Globe karibu na liliposimama. Akahamishia shughuli zake ukingoni mwa mto, mahali ambapo siku hizo palijaa maghala yaliyofungwa na magugu. Akafungua kijumba cha makumbusho, akaandaa maonyesho ya kiangazi chini ya hema, akaomba fedha kwa kila aliyekubali kumsikiliza.

Wengi hawakumsikiliza. Wasomi walisema hakuna ajuaye hakika Globe lilifananaje, kwa hiyo atakachojenga kitakuwa uongo mtupu. Watu wa michezo ya kuigiza walisema jukwaa la kisasa lina taa na mitambo, kwa nini turudi kwenye mvua? Wengine walisema Mmarekani huyu anataka kutuletea Disneyland. Maneno hayo yalimchoma, naona, kuliko yote. Walimdhania kuwa mchuuzi wa mapambo, naye alikuwa anataka jumba ambalo mtu wa peni moja atarudi kusimama tena karibu kabisa na mwigizaji.

Pigo kubwa lilitoka kwa halmashauri ya Southwark. Mapema miaka ya 1980 iliingia halmashauri mpya iliyosema kwamba eneo alilotaka Sam kujenga linahitajika kwa wafagia barabara na vifaa vyao, na kwamba watu maskini wa Southwark wanataka makazi, hawataki jumba la starehe za wenye nazo. Mimi siwalaumu kwa kufikiria makazi. Shida ya nyumba ilikuwa ya kweli. Lakini fikirini jinsi mwana wa fundi cherehani, aliyefukuzwa Hollywood kwa siasa za kutetea wafanyakazi, alivyojisikia kuambiwa kwamba anawajengea matajiri. Kesi ikafika mahakamani, na mwaka 1986 upande wa Sam ukashinda. Kiwanja kikapatikana, kama meta 230 kutoka pale Globe la kwanza liliposimama.

Mnaweza kuniuliza: utajengaje nyumba ambayo hakuna mtu hai aliyeiona? Sehemu hii ya hadithi ndiyo niipendayo kuliko zote.

Sam hakukisia. Alimpata msanifu majengo, Theo Crosby, mzaliwa wa Afrika Kusini, kisha wakakusanya wataalamu, wakawauliza maswali na kuwaacha wabishane. Ushahidi wa kwanza ulikuwa mchoro. Katika karne ya 17 msanii aitwaye Wenceslaus Hollar alipanda juu ya mnara wa kanisa la Southwark akachora yote aliyoyaona, na ndani ya michoro yake Globe lipo, lile la pili. Tena katika picha kubwa aliyoichapisha mwaka 1647 majina yalibadilishana: kwenye Globe pakaandikwa uwanja wa dubu, na kwenye uwanja wa dubu pakaandikwa Globe! Wataalamu waliligundua kosa hilo, kisha wakaupima mchoro wake wa awali kwa hesabu, wakapata makadirio ya upana wa jumba: kama meta 30.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa rafiki yetu seremala. Peter Street, yuleyule aliyezibeba boriti za Shoreditch, mwaka 1600 aliandikiana mkataba wa kujenga jumba jingine, Fortune, na mkataba huo ungalipo. Umeeleza vipimo, ukubwa wa jukwaa, unene wa mbao, na mara kadhaa unamwagiza ajenge kama alivyojenga Globe. Karatasi ya fundi imesaidia kazi ambayo karatasi za wafalme zisingeisaidia.

Ushahidi wa tatu ulikuwa ardhini. Mwaka 1989 wanaakiolojia walifukua misingi ya jumba jirani, Rose, na mwishoni mwa mwaka uleule wakafikia kipande kidogo cha msingi wa Globe lenyewe. Sehemu kubwa iko chini ya jengo la zamani linalolindwa na sheria, haichimbiki. Lakini hicho kipande kidogo kilitosha kuwatia wataalamu mashaka. Ramani ya Crosby ilikuwa na pande 24, na pembe ya msingi ilionyesha kwamba 20 zinafaa zaidi. Ikabidi ramani ichorwe upya. Fikirini: miaka karibu 20 ya kuomba fedha, kiwanja kimepatikana kwa kesi, kazi imeanza, halafu matofali machache yanakwambia umekosea. Sam na wenzake wakayakubali yale matofali. Ndipo ninapoona mapenzi yake yalikuwa ya namna gani. Aliyependa sura tu angesema pande 24 zinapendeza, nani atahesabu?

Mbao ni za mwaloni, zilizokatwa mbichi na kuchongwa kwa mtindo wa zamani. Ncha ya boriti moja huingia katika tundu la nyingine, kisha kigingi cha mbao hupigiliwa kuzifunga, na mwaloni ukikauka hujikaza wenyewe. Kuta zilisiribwa kwa chokaa iliyochanganywa na singa za mbuzi. Zamani walitumia singa za ng'ombe, lakini iligundulika kwamba za ng'ombe wa siku hizi ni fupi mno, hazishiki. Paa ni la matete, kama lilivyokuwa la nyasi siku ule mzinga ulipopigwa, na hilo lilizua mjadala wake, kwa sababu tangu moto mkubwa ulioiteketeza London mwaka 1666 mapaa ya namna hiyo yalikatazwa. Hili lilikuwa la kwanza kuruhusiwa. Ukilitazama vizuri utaona vichwa vidogo vya mabomba ya maji vimechomoza kwenye matete. Shakespeare hakuwa navyo, na ni heri vipo.

Sam aliziona fremu za kwanza zikisimama. Wakati huo alikuwa mgonjwa wa saratani. Katikati ya mwaka 1993 Malkia wa Uingereza alimtunuku nishani ya heshima kwa aliyoyafanya katika uhusiano wa nchi hizi mbili na kwa jumba hili. Tarehe 18 Desemba 1993 akafariki, akiwa na miaka 74. Mwaka uliofuata Theo Crosby naye akafariki. Mafundi wakaendelea. Juni 1997 Malkia Elizabeth II alilizindua jumba, na msimu huo wakacheza tamthilia ya Mfalme Henry wa Tano.

Wale wasomi na waigizaji waliokuwa na mashaka waliingia kutazama, na wengi walibadili mawazo, kwa sababu jumba lenyewe liliwafundisha. Hakuna taa za kumficha mtazamaji gizani. Mwigizaji anamwona anayesinzia, anamwona anayelia, anaweza kumsemesha. Uani wanasimama watu kama 700, na kwa miaka mingi tiketi yao ilikuwa pauni tano tu, katika jiji ambalo tiketi ya jumba la michezo huweza kumaliza mshahara wa siku nzima. Miavuli hairuhusiwi, kwa sababu ya aliye nyuma. Mvua ikinyesha, unalowa pamoja na mfalme aliye pembeni mwa jukwaa. Mwaka 2014 pakafunguliwa jumba la pili, dogo, la ndani, linaloangazwa kwa mishumaa kama majumba ya ndani ya zama zile. Sam alilitaka hilo pia tangu mwanzo, na limepewa jina lake.

Mwaka 2012, London ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki, Globe liliziita nchi za dunia zije kuigiza tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kila moja kwa lugha yake. Wahindi walikuja, Wamaori walikuja, Sudan Kusini ilikuja ikiwa bado haijatimiza mwaka mmoja tangu ijitawale. Na Kiswahili kilikuja, kwa kikundi cha waigizaji kutoka Nairobi, na tamthilia ya wale wake wachangamfu wa Windsor. Wakaipa jina Wanawake wa Heri wa Winsa.

Humo yumo mzee mmoja mnene, mlafi, mwenye maneno mengi, aitwaye Falstaff. Anawaandikia wake za watu wawili barua za mapenzi, maneno yaleyale kwa wote, akidhani hawataonyeshana. Wanaonyeshana. Falstaff wa Kiswahili alikuwa Mrisho Mpoto, yule mghani wa Tanzania ambaye wazazi wenu humwita Mjomba. Katika hadithi, wanawake wanamdanganya mzee ajifiche ndani ya kapu la nguo chafu, kisha kapu linabebwa na yeye kumwagwa katika mto Thames pamoja na mashuka. Na wale waliosimama uani hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza Thames ni mto gani, maana unapita hatua chache nje ya mlango.